Kabati Mbele ya Ufa

Sehemu ya Saba

Wewe uliyenunua gazeti ili unihurumie, leo nakuomba huruma yako uiweke kando kidogo. Wiki sita nimekuwa nikisimulia niliyotendewa. Leo nasimulia niliyotenda.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: naitwa Nemesia Laruta, fundi cherehani. Mume wangu alivuka mpaka kwenda Chile kutafuta kazi, akapata kazi, akapata na mke. Akaniachia mama yake, Bi Fortunata, mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima. Mimi na mama mkwe wangu tukakusanya kila tulichonacho, dola elfu nane, tukamkabidhi Bwana Rosendo Iturri, mwenye jengo la ghorofa tatu kwenye mteremko wa mashariki wa La Paz. Mkataba wetu ulikuwa wa antikretiko: fungu lote unampa mwenye nyumba mkononi, unakaa miaka miwili bila kulipa kodi, siku ya mwisho yeye anakurudishia fungu lako na wewe unamrudishia funguo zake.

Kisha ukaja ufa. Wiki iliyopita niliishia pale vijana wa manispaa walipoingia na ndoo ya jasi, wakabandika kipande cha upana wa kiganja juu ya ufa wa chumba cha kulala, wakaandika tarehe kwa penseli. Wenyewe hukiita shahidi.

"Huyu akivunjika, mama," mkubwa wao aliniambia, "msingoje kuvaa viatu. Ujue mlima unatembea."

Najua methali mnayotaka kunitupia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Asanteni sana. Mwenye mwiko wa kuuzibia mlima aje, chai nitamchemshia mimi.

Basi nikamwendea Bwana Rosendo. Mkataba ulikuwa umebakiza wiki tatu. Nikamwambia simwongezei hata siku moja, nataka fedha yangu nitoke.

"Fedha yako ipo, Mama Nemesia," akasema.

"Ipo wapi?"

"Ipo kwenye nyumba. Hilo paa unalolala chini yake umelijenga wewe."

"Kwa hiyo nikitoka nibebe paa?"

Hakucheka. Akanikumbusha utaratibu, kana kwamba mimi ni mgeni wa mji huu. Nitafute mtu wa kuingia. Yeye atatoa, mimi nitapokea, Bwana Rosendo atasaini tu. Nikamuuliza huyo mtu tutamwambiaje kuhusu ufa. Akanitazama bila kupepesa.

"Ufa gani?" akasema. "Mimi chumbani kwako sijawahi kuingia."

Mtasema ningekwenda mahakamani. Mkataba wetu haukuandikishwa kwenye ofisi ya hati za ardhi. Bwana Rosendo alinishawishi tuepuke gharama, sahihi mbele ya wakili inatosha. Kosa hilo nusu ya mji huu wamekwisha kulifanya, na nusu nyingine wanajiandaa.

Na utaratibu alioutaja ni wa kweli. Hakuna anayerudishiwa fedha na mwenye nyumba. Wote tunarudishiwa na anayekuja nyuma yetu. Hata mimi nilipoingia, elfu nane zangu zilikwenda moja kwa moja mikononi mwa bwana mmoja na mkewe waliokuwa wanatoka. Niliwakaribisha chai wakakataa. Nilidhani wanawahi basi.

Sasa nyumba niliyoitaka. Miezi minne nilikuwa natafuta. Nimeoneshwa nyumba yenye choo jikoni, kimetenganishwa na jiko kwa pazia la maua. Nimeoneshwa nyumba ambayo mbwa wa mwenye nyumba ameandikwa kwenye mkataba, ana haki ya kulala sebuleni wakati wa baridi. Nimeoneshwa chumba kisicho na dirisha, mwenyewe akaniambia faida yake ni kwamba hutahitaji pazia.

Halafu nikampata Bi Betsabé Arteaga. Nyumba yake iko chini bondeni, kwenye ardhi tambarare. Vyumba viwili, bafu ndani, na dirisha linaloshika jua tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, na katika mji wetu jua chumbani ni blanketi la bure. Kutoka mlangoni mpaka barabarani hakuna hata ngazi moja. Kwa Bwana Rosendo tulikuwa na ngazi mia moja na kumi na mbili za mtaa, kabla hujazifikia zile za jengo. Bi Fortunata alikuwa hajagusa barabara mwaka mzima. Kila usiku nililala nikiwaza jambo moja: mlima ukitembea, mimi nitakimbia. Yeye je?

Bi Betsabé aliniuliza nakaa na nani. Nikasema na mama mkwe tu.

"Na mume?"

"Mume alihama, mama yake akabaki."

Akacheka kidogo, akasema wazee ni wapangaji wazuri, hawachori ukutani. Bei yake ilikuwa elfu nane ile ile. Angeningoja mpaka Jumamosi ya kabla ya Kanivali, Jumapili angempa mwingine.

Nikarudi nyumbani nikamweleza Bi Fortunata yote, maneno ya Bwana Rosendo na dirisha la Bi Betsabé. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautazama ufa, akalitazama kabati kubwa la mninga alilopewa siku ya harusi yake, akanitazama mimi. Nililisukuma mwenyewe, kwa mgongo, nusu saa nzima, mpaka likafika mbele ya ufa.

"Kulia kidogo," akasema Bi Fortunata kutoka kitandani. "Shahidi anaonekana."

Nikasogeza kulia.

Wa kwanza kuja kutazama alikuwa mwalimu. Alihesabu ngazi mpaka sitini, akanipigia simu kutoka hapo alipo kuniaga. Wa pili alifika akaitazama dirishani Kordilera yote, ile safu ya milima yenye theluji, akapiga picha, akasema atanijulisha. Siku zikawa zinakwisha.

Wa tatu alikuwa Zenobia Yujra.

Alipanda peke yake akiwa na mimba ya miezi saba. Nilimsikia akipumzika kila kona ya ngazi. Alipofika mlangoni hakuuliza bei, wala maji, wala umeme.

"Hapa watoto mnawakubali?" akauliza.

Nikasema tunawakubali. Nikasema "tuna", kama vile jengo ni langu.

Akakaa kitini akalia kidogo, kisha akaomba radhi kwa kulia. Amepita milango tisa. Kwenye simu nyumba ipo, akifika wakiliona tumbo, nyumba imechukuliwa jana. Yeye na mumewe Abdón walikuwa wanaishi chumba kimoja na wakwe na shemeji wawili, wametenganishwa na shuka. Alitaka tu pahali pa kumleta mtoto ambapo hatalala sakafuni katikati ya miguu ya watu.

Nikampa chai. Nikamwonesha jiko, nikamwonesha Kordilera. Chumba cha kulala nilimwonesha kwa haraka, Bi Fortunata akiwa amelala. Zenobia akanong'ona kwamba kabati lile ni zuri mno.

"Jumapili nitakuja na mume wangu," akasema. "Yeye ndiye anayejua kuta. Ni fundi mwashi."

Moyo wangu ulishuka mpaka barabarani bila kuhesabu ngazi.

Jumapili Abdón akaja. Kijana mfupi mwenye mabega mapana, amevaa shati la kanisani. Alianza mlangoni, akaenda akigonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Sebuleni aligonga, akatingisha kichwa kuridhika. Jikoni akagonga, akasema tofali hizi ni za zamani, zilichomwa vizuri. Kisha akaingia chumbani.

Bi Fortunata alikuwa kitandani, na kitanda tulikuwa tumekibana ubavuni mwa kabati. Abdón akamwamkia kwa heshima zote, akagonga ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akasimama mbele ya kabati.

"Samahani, mama. Naweza kulisogeza kidogo hili?"

Nilikuwa nimeandaa uongo wa panya na mwingine wa unyevunyevu, wote ukanitoka kichwani.

"Mwanangu," akasema Bi Fortunata kwa sauti ya kukata roho, "kabla hujasogeza kabati nisogezee beseni. Nimebanwa na mkojo, na siwezi kufika popote."

Masikini Abdón. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, akatoka mbio akanifungia mlango. Nilipotoka baada ya muda alikuwa amesimama dirishani na mkewe, mkono wake juu ya tumbo, wanaoneshana kitanda cha mtoto kitakaa wapi. Akasema nyumba imekaa vizuri. Akasema sisi watu wa nyumba hii ni watu wema.

Tulicheka sana jioni ile, mimi na mama mkwe wangu. Naandika hili ili mjue kwamba tulicheka.

Bwana Rosendo alipopata habari, akapandisha bei. Aliona mimba, akajua hawana pa kwenda. Badala ya elfu nane akataka elfu tisa, hiyo elfu ya juu yake mwenyewe. Zenobia alinipigia simu, sauti imekauka, wana elfu nane na mia nne tu. Ningeweza kumwambia: mshukuru Mungu, dada, nenda zako, usirudi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamwambia mwenye nyumba ni mgumu lakini neno lake halibadiliki, wajitahidi. Abdón akauza mashine yake ya kuchanganyia zege. Mtu huyo aliuza kazi yake kununua ufa wangu.

Alhamisi saa nne asubuhi tulikuwa kwa wakili. Bwana Rosendo alivaa tai. Akawaeleza kwa upole kwamba hakuna haja ya kwenda ofisi ya hati, gharama za bure. Nikalisikia neno kwa neno lile aliloniambia mimi miaka miwili nyuma, nikainamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Wakasaini. Fedha ikavuka meza, elfu nane zikabaki kwangu, elfu moja ikaingia mfukoni mwa mwenye tai.

Mchana ule ule nilikuwa kwa Bi Betsabé. Aliyekuwa akihama alikuwa amesimama pale pale na masanduku yake. Nikampa Bi Betsabé, Bi Betsabé akampa yeye, yeye akapanda teksi kwenda kumpa mwingine. Saa tisa na nusu fedha ile haikuwa na mtu wa kuirudisha tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nilikuwa nimeyamwaga mwenyewe.

Lakini kuna jambo lilitokea pale nje ya ofisi ya wakili, kabla sijakwenda kwa Bi Betsabé.

Zenobia aliniuliza kabati nitalihamisha lini, maana kulishusha kutahitaji watu wanne. Nilikwisha kulifikiria hilo. Nikamwambia silihamishi, nawaachia zawadi, waweke nguo za mtoto. Nikaongeza kwamba lisisogezwe, miguu yake imeoza.

Zenobia akanikumbatia pale barabarani, tumbo lake likanigusa, na mtoto akapiga teke. Wote wawili tulilisikia. Abdón akavua kofia. Akasema tangu waanze kutafuta nyumba hakuna mtu aliyewapa hata glasi ya maji, na mimi nimewapa chai, na nyumba, na kabati. Akasema wamezungumza usiku na wamekubaliana. Wananiomba niwe mama wa ubatizo wa mtoto wao.

Kwetu sisi neno hilo halisemwi kwa adabu tu. Ukikubali, unakuwa komadre wa wazazi mpaka kufa. Mtu anaweza kumdhulumu kaka yake, anaweza kumshitaki baba yake, lakini komadre hamwibii, hamdanganyi, hata kumpigia kelele anaogopa. Na kukataa ni kumtupia laana mtoto aliye tumboni.

"Nakubali," nikasema.

Abdón akanibusu mkono, mkono uleule uliokuwa umeshika bahasha.

Jioni nikamsimulia Bi Fortunata. Nilitegemea atatia neno la mzaha, kama kawaida yake. Aliweka kijiko chini, akageukia upande wa kabati, akasema ameshiba. Sahani ilikuwa haijapungua.

Ijumaa, yeye akiwa amesinzia, nilipenyeza tochi nyuma ya kabati. Shahidi alikuwa amekatika vipande viwili. Cha chini kilikuwa kimeteremka upana wa kidole, tarehe ya penseli imegawanyika katikati.

"Yukoje?" Bi Fortunata akauliza nyuma yangu. Hakuwa amelala.

"Mzima," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyomdanganya hata mtu niliyedanganya naye.

Jumamosi asubuhi wapagazi wanne walifika na kiti cha kumbebea Bi Fortunata, tumekifunga kamba mbili za kupitishia miti. Zenobia na Abdón nao walikuwa wakiingia, godoro lao linapishana na sufuria zangu ngazini. Wao walitaka wawe wamehamia kabla ya Jumanne ya Kanivali, siku tunapozifunga nyumba zetu karatasi za rangi na kuimwagia ardhi pombe ili ituvumilie mwaka mwingine. Kila kitu changu kilikwisha kushuka isipokuwa cherehani na mama mkwe.

"Mama, kiti tayari," nikasema.

"Kirudi kilikotoka," akajibu. "Mimi siendi."

Alikuwa amekaa katikati ya kitanda, amejifunga shali, kofia yake ya duara kichwani kama mtu anayesubiri misa. Wapagazi wakatazamana. Zenobia akaingia kuona kuna nini.

"Nemesia," Bi Fortunata akasema mbele yake, "hii nyumba si nzuri?"

"Nzuri, mama."

"Ya kumweka mama mwenye mimba?"

Chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Nikasema ndiyo.

"Basi na mimi kikongwe itanitosha."

Zenobia akatabasamu. Alidhani ameelewa. Akanishika mkono akasema tusimlazimishe, wazee huzoea pahali pao, hata bibi yake alikuwa hivyo. Abdón anaondoka kwenda kazini wiki nzima, kwa hiyo yeye Zenobia atafurahi kuwa na mtu wa kuzungumza naye. Atamtunza kama mama yake mzazi, komadre asiwe na wasiwasi. Kisha akatoka kwa staha ili tuagane.

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamnong'oneza kwamba ameshikwa na wazimu.

"Alhamisi alfajiri nilimsikia shahidi akivunjika," Bi Fortunata akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu. "Nalala naye kichwani. Nikasema leo Nemesia ataamka, atatazama, hatakwenda kwa wakili. Ukachana nywele ukaenda. Nikasema akirudi atasema. Ukarudi na ubatizo."

"Wewe ndiye uliyeomba beseni."

"Mimi ndiye. Ndiyo maana niko hapa kitandani na siko kwenye kiti."

"Basi waambie wewe. Waite sasa hivi uwaambie."

Akatingisha kichwa.

"Mwanangu nilimsemea maisha yake yote. Akivunja kioo, nasema ni upepo. Akila fedha ya kanisa, nasema ni mimi. Ndiyo maana hakuona haya kukukimbia wewe. Sasa wewe sikusemei. Una mpaka Jumanne, kabla hawajamwaga pombe. Ukisema, nitashuka hata kwa kutambaa."

Kama angenipigia kelele ningeweza kukasirika. Nilitazama kabati. Nikawaza dirisha la Bi Betsabé, nikawaza fedha iliyokwenda na teksi, nikawaza Abdón asiye na mashine wala nyumba, na mkewe akizaa nyuma ya shuka. Nikajiambia shahidi amevunjika tangu Alhamisi na nyumba bado imesimama. Nikajiambia mengi.

Nikabeba cherehani nikashuka.

Nyumba ya Bi Betsabé ni nzuri, sitawadanganya. Maji ya moto yanatoka Jumatatu na hata Jumapili. Jua liliingia dirishani asubuhi ya Jumapili likafika mpaka kitandani, kitanda cha pili, kile nilichomtandikia yeye. Nilikaa nikakitazama. Nyumba niliyoitafuta miezi minne ndiyo hii, na sikuweza hata kutundika sufuria.

Jumapili jioni mvua ikaanza. Si ile ya kupita. Jumatatu ilinyesha mchana kutwa, mto wa bondeni ukawa unaunguruma kama lori lililokwama. Mara tatu niliandika ujumbe kwenye simu, mara tatu nikaufuta. Mara ya nne niliandika: "Usilale chumba kile." Nikaona ataniuliza kwa nini. Nikaufuta pia.

Mwoga huwa na sababu nzuri kuliko watu wote. Nilijiambia kesho.

Jumanne saa sita mchana simu ikaita. Alikuwa Zenobia, na nyuma yake kulikuwa na ngoma, tarumbeta, na vishindo vya miguu.

"Komadre, uko wapi? Tunakungoja wewe tu."

Abdón amepewa ruhusa kazini, akasema. Wakwe wamepanda, shemeji wamepanda, majirani wa ghorofa ya chini wamekuja na tarumbeta. Watu ishirini na kitu, na wote wanacheza. Wamekwisha kufunga karatasi za rangi jikoni na mlangoni, na juu ya kabati wameweka kubwa zaidi. Lakini Mama Fortunata ameikumbatia chupa, amekataa kabisa isimwagwe hata tone. Anasema mpaka binti yake apande.

Aliniita binti yake. Nilisimama.

"Zenobia, nisikilize. Watoe watu wote. Watoe sasa hivi, na wewe utoke, na mama abebwe. Ule ukuta..."

"Sikusikii, komadre. Hizi tarumbeta. Wewe panda tu, nyama inapoa."

Akakata. Nikapiga, ikaita mpaka mwisho. Nikapiga tena, ikaita mpaka mwisho. Nikatoka bila shali, mlango nikauacha wazi.

Siku ya Kanivali hupati teksi wala basi. Nilikimbia barabara ya mto, watoto na watu wazima wakinimwagia ndoo za maji wakidhani nacheza, wakicheka, wakinitakia heri ya nyumba yangu. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Sikuwa na hesabu tena ya fedha, wala ya mashine, wala ya aibu. Ningeingia mlangoni, ningesema kila kitu mbele ya wote ishirini na kitu, wanipige wakitaka, mradi wanipigie nje.

Nilipofika chini ya ngazi za mtaa wetu, maji yalikuwa yanateremka kutoka juu kwa wingi, ya rangi ya tofali. Nikaanza kupanda. Muziki niliusikia wazi, ngoma kubwa na tarumbeta mbili, na sauti za wanawake wakipiga vigelegele. Nilikuwa nikiita jina la Abdón kila hatua tano. Nikahesabu bila kutaka, kama nilivyozoea kwa miaka miwili: ishirini, thelathini, arobaini.

Kwenye ngazi ya sabini na moja, muziki ukakatika.

Nikasimama. Nikasikiliza.